Gego likitoboka si lazima ling'olewe

HAPA Magara, jino likimsumbua mtu usiku, ushauri wa kwanza ni karafuu na wa pili ni koleo. Wauza ndagala, wachuuzi wa mawese waendao Rumonge na ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Kigoma wana hesabu moja: kung'oa humaliza kazi siku hiyo hiyo, mtu akarudi sokoni.

Hesabu hiyo ina kasoro. Gego ndilo linalosaga chakula. Likiondoka, la jirani huinamia pengo, na lile la taya ya pili hurefuka taratibu kwa kukosa la kukutana nalo. Kumbe jino ambalo uozo haujafika kwenye mshipa wa fahamu linaweza kuzibwa na kutumika kwa miaka mingi.

Mimi nilizibiwa gego la chini mjini Bujumbura kwa kompositi, dawa nzito yenye rangi ya jino na chembechembe za kioo ndani yake. Nilikaa kitini karibu saa nzima, nikaona kwa nini kazi hii haitaki haraka.

Baada ya ganzi, uozo huondolewa. Kisha jino hupakwa asidi ya fosforasi kwa sekunde chache na kusuuzwa. Asidi huacha vitundu vidogo mno ambamo gundi hujishikiza, mbinu iliyoelezwa na Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955. Ndipo kompositi ya kawaida huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, na kugandishwa kwa taa ya bluu. Mwanga haupenyi mbali, na dawa hunywea inapoganda. Ikijazwa yote kwa mkupuo, chini hubaki laini na pembeni huacha ufa.

Adui mkubwa ni mate. Kwangu pamba ililowa kabla gundi haijaganda. Daktari alisimama, akasuuza, akarudia hatua ile. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri nje alilalamika kwamba gari la Rumonge litamwacha. Nilimwelewa, lakini jino lililozibwa juu ya mate huweza kuoza tena chini kwa chini, mwenyewe asione.

Je, pasipo na umeme? Jibu lilitoka kwa jirani. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994. Njia hiyo hutumia saruji ya glasi ayonoma, inayovumilia unyevu kuliko kompositi na kutoa floridi, ingawa kwenye tundu kubwa lililo kati ya meno mawili haidumu sana. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Zile za rangi ya fedha, zenye zebaki, zinaelekea ukingoni. Novemba 2025 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuachana nazo ifikapo 2034. Mwenye nayo iliyo nzima hana haja ya kuitoa.

Msomaji, jino linaloshtuka kwa maji baridi au sukari kisha likatulia upesi, huo ndio wakati wa kuliziba. Likikunyima usingizi, huenda mshipa umeguswa na kuziba peke yake hakutoshi. Uso ukivimba, usingoje siku ya soko ipite.

Kabla ya ganzi, uliza mambo matatu: uozo umefika wapi, litazibwa kwa dawa gani na bei ni kiasi gani. Baadaye likiuma unapotafuna, rudi. Pengine limejazwa juu kidogo na linahitaji kusawazishwa tu. Anayevuka mpaka wa Mugina afanye hivyo kabla ya safari, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.