Soketi za Stima: Zitiwe Vema na Kuzibwa Barabara

Mpango wa Eka Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, uliwapatia wakulima wengi mashamba katika Nyandarua, Lugari, Sotik na kwingineko. Nyumba za kwanza zilizojengwa katika mashamba hayo zilikuwa za mbao au za udongo, na taa ilikuwa ya mafuta. Siku hizi watoto na wajukuu wa wakulima wale wanatengeneza nyumba upya, na tangu mwaka 2015 Serikali imekuwa ikizidi kueneza nyaya za stima vijijini. Hili ni jambo jema. Lakini stima iliyoingizwa vibaya katika nyumba ya zamani yaweza kuichoma nyumba hiyo, na yaweza kuua mtu au ng'ombe. Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue soketi nzuri ni ipi, ili aweze kuikagua kazi ya fundi kabla ya kumlipa.

Jambo la kwanza ni sheria. Kazi ya kutia nyaya na soketi ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni yake. Mwenye nyumba aweza kuchimba ukuta, kupigilia mbao na kupiga plasta, lakini asishike nyaya. Na kabla ya kugusa ukuta wenye nyaya, swichi kuu lazima izimwe, na fundi apime kwa chombo chake ahakikishe kwamba stima haipo.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, nazo huchukua ampea 13, si zaidi. Ukizidisha 240 kwa 13 utapata wati 3,120. Basi tazama: birika la stima la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, zikichomekwa pamoja katika waya mmoja wa kuongezea, zimekwisha pita kiasi hicho. Waya utapata moto. Ndiyo sababu ni heri kutia soketi mbili au tatu zaidi wakati unapotengeneza nyumba, kuliko kutandaza nyaya za kuongezea chini ya mikeka na vitanda.

Kwa soketi, waya usiwe mwembamba kuliko milimita mraba 2.5. Ule wa 1.5 ni wa taa. Katika nyaya za sasa, wa rangi ya kahawia ndio wenye moto, wa buluu ni wa kurudisha, na wa kijani chenye manjano ni wa ardhi. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Kila skrubu ikazwe sana, kwa maana waya uliolegea ndani ya soketi hutoa cheche na joto mpaka plastiki ikayeyuka.

UKUTA WA MAWE. Chimba mahali pa kisanduku cha chuma chenye kina cha milimita 35, na usisahau kuhesabu unene wa plasta, ili uso wa kisanduku ulingane na uso wa ukuta. Paipu ya nyaya ipande au ishuke wima kutoka kwenye soketi. Isipite mshazari hata kidogo, kwa maana siku moja mtu atapigilia msumari wa picha au wa rafu, naye atadhani kwamba hapana kitu hapo. Tundu la kisanduku ambamo nyaya hupita litiwe pete ya mpira, chuma kisikate ngozi ya waya. Kisanduku chenyewe nacho kiungwe na waya wa ardhi.

UKUTA WA MBAO. Kisanduku kishikwe na ubao uliopigiliwa baina ya nguzo mbili, kisishikwe na ubao mwembamba wa nje tu. Nyumba nyingi za mbao zimebandikwa magazeti au makaratasi ya katoni ndani ili kuzuia baridi. Yaondoe yote kuizunguka soketi, yasikaribie hata kidogo. Karatasi kavu hushika moto upesi kwa cheche moja tu.

UKUTA WA UDONGO. Usichimbe kisanduku ndani yake, maana udongo hupasuka na mchwa hupita humo. Funga ubao imara juu ya nguzo za ukuta, kisha uweke kisanduku cha plastiki juu ya ubao huo. Nyaya zipite ndani ya paipu iliyofungwa juu ya ukuta.

Sasa tuje kwenye kuziba. Wengi hudhani kwamba ufa kando ya soketi ni aibu ya macho tu. Sivyo. Katika ufa huo huingia vumbi, maji ya mvua, mchwa, nyigu na panya. Panya hutafuna ngozi ya nyaya. Nayo maji yakifika penye moto, ukuta mzima waweza kushika stima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa waweza kuijenga nyumba yote.

Katika ukuta wa mawe, ziba kwa karai moja ya saruji na karai nne za mchanga. Kwanza funika mdomo wa kisanduku, saruji isiingie ndani, na stima isiwashwe mpaka plasta imekauka kabisa. Ufa mwembamba kando ya kifuniko wazibwa kwa silikoni. Katika ukuta wa mbao, pigilia kipande cha ubao kilichokatwa sawasawa. Usizibe kwa gunia, matambara wala magazeti. Wala usijaze kitu chochote ndani ya kisanduku chenyewe, kwa kuwa nyaya zahitaji nafasi ili zipoe, na fundi atahitaji kuzifikia siku nyingine.

Soketi ya nje, au ya bandani penye mashine ya kukata majani, iwe ya namna isiyoingiza maji, yenye kifuniko. Nyaya ziingie kutoka chini. Ziba kwa silikoni upande wa juu na pande mbili za kando, lakini upande wa chini uache wazi, ili unyevu upate pa kutokea. Paipu inayopenya ukuta ielekee chini upande wa nje, mvua isifuate waya kuingia ndani.

Mwangalieni sana ng'ombe. Yeye husimama kwa miguu minne penye maji na mkojo, na mwili wake hupitisha stima kwa urahisi kuliko wa mtu. Volti chache ambazo mtu mwenye viatu hazisikii zaweza kumfanya ng'ombe akatae kunywa kwenye birika la chuma, au azuie maziwa. Stima ikizidi, humwangusha. Soketi ya bandani iwekwe juu, mbali na pua, pembe na maji ya kuoshea.

Mwisho, mwulize fundi mambo mawili. Je, nondo ya ardhi imepigiliwa mahali penye unyevu, na ameipima? Udongo ukikauka wakati wa kiangazi, nondo hupungukiwa nguvu. Na je, ametia swichi ya usalama ya milimpea 30, ile inayokata stima kwa ghafula inapovuja kupitia mwilini mwa mtu? Swichi hiyo ina kidude cha kujaribia. Kibonyeze kila miezi mitatu. Isipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Soketi ikipata joto, ikitoa harufu ya kuungua au ikigeuka rangi, zima swichi kuu, wala usiitumie tena mpaka imetengenezwa. Bei ya soketi mpya yenye alama ya KEBS ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya ng'ombe mmoja wa maziwa, sembuse uhai wa mtoto.