Hofu ya Usiku

Ni nani kati yetu asiyepata kuamka usiku wa manane, moyo ukimwenda mbio, akakuta wazo asilolitaka limeingia bila kubisha hodi? Mchana hulidharau, usiku hulipa kiti.

Hapa Unguja twaukumbuka mwaka 1995. Habari za Popobawa, ambazo watu wa Pemba walizijua tangu miaka ya 1960, zilianza tena huko, zikavuka bahari hata zikafika mjini. Watu wakaacha vitanda vyao, wakalala nje makundi makundi, wakiota moto na kusimuliana mambo yale yale waliyoyakimbia. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na mioyo ilikuwa imekwisha kujaa wasiwasi.

Wengi waliopatwa walisimulia habari zinazofanana: mtu huamka, hawezi kuinua kidole wala kupiga kelele, kifua kimelemewa, naye ahisi yupo mtu chumbani. Wazee wetu huliita jambo hilo jinamizi. Waganga wa hospitali wasema kwamba katika usingizi wa ndoto viungo hulegea, ili mtu asiinuke akayatenda anayoyaota. Pengine akili huamka kabla ya viungo, na ndoto haijaisha. Hali hiyo hupita kwa dakika chache. Humjia zaidi alalaye chali, na yule aliyekosa usingizi. Basi fikirini: aliyekesha kwa kumhofu Popobawa alijiandalia mwenyewe jinamizi la usiku wa pili!

Wala si dawa kuliambia wazo, "Toka!" Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani walitoa habari za jaribio lao: waliwakataza watu wasimfikiri dubu mweupe, na dubu hakuwatoka akilini. Mimi nimejaribu kwa kunguru. Mambo ni yale yale. Afadhali kuliacha lipite, kama mshonaji asikiavyo kelele za njiani, naye hauweki uzi chini.

Akiamka mtu wa nyumbani kwa jinamizi, asichekwe. Washeni taa, mketi naye, mmweleze ni jambo gani lililompata, kisha alale kwa ubavu. Hofu ikidumu majuma, ikamnyima chakula na kazi, apelekwe hospitali. Kidongo Chekundu si mahali pa aibu.

Nasema haya kwa kuwa hofu ile ya mwaka 1995 iliua. Kisiwani humu watu walimkamata mtu mwenye maradhi ya akili, wakadhani ndiye Popobawa, wakampiga hata akafa.