Alama Ianzie Kwenye Kalibu

Mwanafunzi wa usanifu wa michoro akikaribia kuhitimu, mara nyingi hupewa zoezi la kubuni vifungashio vya chakula na divai. Kazi zinazorudi kwa mwalimu hufanana: chupa ya divai ya Bordeaux yenye jina la kubuni, lebo ya karatasi nzito, herufi za dhahabu, kisanduku cha jibini la Kifaransa ambalo mchoraji hajawahi kulionja. Kwenye skrini zinapendeza. Ningetamani mwanafunzi wa Goma, Bukavu au Kinshasa aiache chupa hiyo ya kufikirika, achukue kitu kilichopo, kinacholiwa na watu, na ambacho kwa kawaida kinafika sokoni bila jina: jibini la milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo.

Mji wa Kitshanga uko juu, mpakani mwa Masisi na Rutshuru, katikati ya malisho ambayo wageni wamezoea kuyafananisha na Uswisi. Ufundi wa jibini uliletwa na Wabelgiji, mapadri na walowezi, nao wafugaji wakaufanya wao. Karibu na mji huo ipo Mokoto, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa wa Kitrapisti kutoka Scourmont, abasia ileile ya Ubelgiji iliyoanza kutengeneza jibini mwaka 1876 na ambayo bidhaa zake zinajulikana ulimwenguni kwa jina la Chimay. Watawa wa Mokoto walilazimika kukimbia vita mwaka 1996. Nikitazama historia hiyo naumia kidogo: jibini la upande mmoja wa ukoo huo linatambulika hata na asiyejua kusoma Kifaransa, la upande wetu linauzwa kwa kubonyezwa na kunuswa tu.

Msanifu makini hafungui kompyuta kwanza. Anauliza kitu hiki kimetengenezwaje na kinasafiri vipi. Maziwa hubebwa kwenye bidoni hadi kwenye kibanda cha kutengenezea, yanagandishwa, mgando unakatwa, unashindiliwa kwenye kalibu ya duara, unalazwa kwenye maji ya chumvi, kisha majibini yanapangwa kwenye rafu za mbao yaive. Kilo moja ya jibini la aina hii hula karibu lita 10 za maziwa. Halafu ni barabara: Kilolirwe, Sake, Goma, juu ya pikipiki au lori, kwenye mvua na vumbi. Kitshanga ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2023, Goma Januari 2025, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Jibini lililokuwa likiwahi ndege ya Kinshasa likajikuta na njia ndefu zaidi. Kila siku inayoongezeka njiani ni mzigo unaobebwa na kifungashio.

Na jibini ni kitu kilicho hai. Ganda lake linapumua na kutoa unyevu. Ukilibana kwenye mfuko wa plastiki, maji yanakosa pa kwenda, ganda linateleza, ukungu usiotakiwa unaota. Plastiki ina tatizo jingine: Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na Kongo yenyewe ilitoa amri ya kuizuia mwishoni mwa 2017. Mchuuzi anayevuka mpaka kutoka Goma kwenda Gisenyi hawezi kuitegemea. Kinachofaa ni mambo mawili ya zamani. La kwanza ni tabaka jembamba la nta juu ya ganda, ambalo hupunguza ukaukaji na kuzuia uchafu. La pili ni karatasi isiyopitisha mafuta, inayofungwa jibini linapouzwa. Karatasi ya gazeti haifai kabisa, kwa sababu mafuta ya jibini huvuta wino. Hata kwenye karatasi nzuri, wino ukae upande wa nje.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: alama ikae wapi? Wanafunzi karibu wote hubandika lebo ya mviringo katikati, juu ya jibini. Kwenye picha inavutia. Lakini Goma watu wengi hununua kipande, si duara zima. Kisu cha kwanza kinaikata lebo, cha pili kinaiondoa, na anayenunua kipande cha mwisho haoni chochote. Waitalia walilishughulikia jambo hili kwa akili. Shirikisho la watengenezaji wa Parmigiano Reggiano lilianzishwa mwaka 1934, na tangu 1964 jina la jibini hilo limekuwa likiandikwa kwa vitone kuzunguka ubavu mzima. Vitone hivyo haviongezwi baadaye. Vinatoka kwenye mkanda unaolizunguka jibini likiwa bado laini. Ukikata popote pale, kipande kinaondoka na sehemu ya jina.

Kwa Masisi, suluhisho hilo ni rahisi kuliko lebo yoyote. Fundi seremala anaweza kuchonga neno MASISI na namba ya kibanda kwenye ukanda wa ndani wa kalibu, kwa herufi zilizogeuzwa, zikijirudia ubavuni kote. Hakuna wino, gundi wala kiwanda cha uchapaji. Hapo ndipo ujuzi wa mwanafunzi unapohitajika kweli: herufi nene zisizo na ncha nyembamba, nafasi pana kati yake, kina cha kutosha zisizibwe na nta. Atalazimika kuchonga, kujaza mgando, kutoa, kutazama, kuchonga upya. Namba ya kibanda nayo si pambo. Mtu akiumwa tumbo, au akisifia jibini na kutaka jingine, inajulikana limetoka wapi.

Maandishi mengine yaende kwenye karatasi. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kuhusu lebo kinataka jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya toleo, tarehe na namna ya kuhifadhi. Rangi moja inatosha, mbili zikizidi, maana kwenye ofseti kila rangi inadai sahani yake na fedha zake. Kuhusu mchoro, tafadhali, si lazima awe ng'ombe anayecheka. La vache qui rit ya Léon Bel imekuwepo tangu 1921, na nguvu yake haikuwa katika mchoro wa Benjamin Rabier peke yake: jibini lake ni la kusindikwa, limegawanywa katika pembetatu ndogo, kila moja ndani ya karatasi ya metali, linavumilia joto la duka lisilo na friji. Anayeiga rangi nyekundu akaacha hilo ameiga sehemu nyepesi.

Upande wa divai, mwenzake wa kweli huku ni kasiksi, pombe ya ndizi. Hapa usalama ndio unaotangulia. Kasiksi ikiendelea kuchacha ndani ya chupa iliyofungwa inatoa gesi, na chupa isiyo na njia ya kupumua inaweza kupasuka mkononi. Chupa za shampeni hutengenezwa nene makusudi kwa ajili ya shinikizo. Chupa ya divai ya kawaida haina uwezo huo, na bado ni kama nusu kilo ya glasi ambayo mwendesha pikipiki atalipwa kuibeba. Kwa hiyo kabla ya kuchora lebo, mwanafunzi aamue: kasiksi itapashwa moto kusimamisha uchachu kabla ya kufungwa, au itauzwa ikiwa hai, ndani ya chombo chenye kifuniko kinachoachia gesi na inywewe upesi? Kila jibu lina umbo lake, tarehe yake na onyo lake. Na kiwango cha kileo kipimwe, kiandikwe.

Kwa walimu wanaokaa kwenye jopo la mtihani nina ombi. Wasizitazame kazi hizi ukutani pekee. Jibini lililofungwa lipelekwe Sake kwa pikipiki siku ya mvua na lirudi, likatwe vipande vinane mbele yao, kisha kila mwalimu apewe kipande kimoja na kuulizwa limetoka kibanda gani.