Gitaa Likwaruze, Jirani Alale

Nkanka, wilayani Rusizi, imekaa kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Kivu, na usiku ukiingia sauti hazipotei upesi. Upepo hutulia, pikipiki hupungua, na maji yaliyotulia huirudisha sauti badala ya kuimeza. Wavuvi wa sambaza wakiimba ziwani, aliye mlimani huwasikia, na sijawahi kuona mtu akiwalalamikia. Gitaa la umeme lililofunguliwa mpaka mwisho saa tatu usiku ni kesi nyingine. Tena Rwanda si nchi ya kuchezea kelele: mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa, na pamoja na hali ya majengo, kelele ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Mpiga gitaa ana shida yake ya pekee hapa. Ile sauti nene yenye mkwaruzo, ambayo noti ikishikwa inadumu na kuimba, huzaliwa pale amplifaya ya valvu inapolazimishwa kupita uwezo wake. Ikipigwa kwa upole, amplifaya hiyohiyo hutoa sauti safi inayometameta. Kwa seben, ile sehemu ya gitaa la kuchezea ya muziki wa Kikongo, hiyo inatosha na kubaki. Kwa bluzi, roki, au solo la sifa linalopanda mpaka waumini wasimame, haitoshi.

Mkwaruzo wenyewe haukutafutwa na mtu hapo mwanzo. Ulikuwa gharama ya kutaka kusikika. Wamarekani wa miaka ya 1950 walipiga amplifaya ndogo ndani ya vilabu vyenye makelele, wakafungua volyumu mpaka mashine ikalia. Mwaka 1951, wimbo "Rocket 88" uliporekodiwa Memphis, gitaa lilipitia amplifaya iliyoharibika njiani, na kile kilichopaswa kuwa hitilafu kikapendwa. Karibu na sisi kuna mfano mzuri zaidi, bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa. Mzee Mingiedi, mwanzilishi wake, na wenzake walitaka likembe, zile ala za kupigwa kwa vidole gumba, zisikike juu ya zogo la jiji, wakajitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari na kupaza sauti kwa vipaza vya matangazo. Ule mkwaruzo uliotikisa Ulaya albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004 ulitokana na vifaa kuzidiwa. Leo sisi tunaomba kinyume chake, kwamba kuzidiwa kuwepo ila makelele yaondoke.

Ndani ya amplifaya, mawimbi madogo ya gitaa huingia kwanza kwenye valvu ndogo, kwa kawaida ECC83, ambazo huyakuza. Kisha huenda kwenye valvu za nguvu kama EL84, EL34 au 6L6, halafu transfoma ya kutolea huyapeleka kwenye spika. Kila hatua ina dari yake. Mawimbi yakigonga dari, vilele vyake hukatwa, na kwenye valvu mkato huo huanza taratibu, hauji kwa ghafla kama kwenye transista nyingi. Mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwemo kwenye waya wa gitaa, na hizo ndizo sikio linaziita mkwaruzo. Ugavi wa umeme nao hulegea kidogo ukivutwa kwa nguvu: pigo la kwanza hubanwa, kisha sauti hujaa tena. Mpiga gitaa huuhisi mlegeo huo vidoleni kabla ya kuusikia.

Amplifaya nyingi zina volyumu mbili ili uzidishe valvu ndogo na kuzibana zile kubwa. Inasaidia, lakini mkwaruzo wa valvu ndogo ni mwembamba zaidi, una mvumo kidogo kama wa nyuki. Anayetaka valvu za nguvu na transfoma zifanye kazi kweli hana njia ila kuziacha zitoe wati zake zote, kisha azimeze wati hizo kabla hazijafika kwenye spika. Kazi hiyo ndiyo ya atenueta, kisanduku kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza sehemu kubwa ya nguvu kuwa joto.

Lakini tuanze na hesabu, maana wengi hununua kisanduku hiki bila kuifanya. Spika ya gitaa ya inchi 12 iliyo ya kawaida, tuseme Celestion Greenback, hutoa desibeli 98 ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Ukiipa wati 5, unapata 105. Wati 50 zingefika 115. Maana yake amplifaya ya wati 50 inaizidi ile ya wati 5 kwa desibeli 10 tu, na sikio la kawaida huzihesabu desibeli 10 kama sauti maradufu, si mara kumi. Ndiyo sababu anayehama kutoka wati 50 kwenda 25 akidhani atapona hupata desibeli 3 tu za nafuu, na mkewe hatagundua tofauti.

Sasa shuka mpaka kiwango cha televisheni sebuleni, karibu desibeli 73. Kwa spika hiyohiyo unahitaji sehemu tatu tu za elfu za wati. Si wati tatu; ni wati moja igawanywe mara elfu, kisha uchukue vipande vitatu. Hata ile amplifaya ndogo ya wati 5 yenye EL84 moja, inayouzwa kama ya chumbani, ikifunguliwa mpaka mwisho bado inavuka kiwango hicho kwa desibeli 32. Na mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 tu kila umbali unapokuwa maradufu, kwa hiyo zile 115 za mbele ya spika zinamfikia jirani aliye mita 100 zikiwa bado kama 75, kabla ya kuta kupunguza chochote.

Atenueta rahisi kabisa ni rezista mbili. Kwa spika ya omu 8 na punguzo la desibeli 10, rezista ya omu 5.5 inapangwa mfululizo na laini, na nyingine ya omu 3.7 inawekwa sambamba na spika. Ukipiga hesabu, amplifaya bado inaona omu 8, haijui kilichotokea, lakini spika inapata sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kwa amplifaya ya wati 15, ile rezista ya kwanza inakula zaidi ya wati 10, ya pili kama wati 3, na spika inabaki na wati moja na nusu. Hapo ndipo fundi asiye makini anapokosea. Ananunua rezista ya wati 10 kwa sababu karatasi inasema 10, wakati amplifaya iliyozidishwa inaweza kutoa karibu maradufu ya wati zilizoandikwa nyuma yake. Chukua zile zenye ganda la alumini, za wati 50, uzifunge kwa skrubu kwenye bamba nene la alumini lenye mapezi, na upake ile krimu nyeupe ya kupitisha joto katikati. Usizifunike. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo inaondoa joto pungufu kuliko vipimo vya kiwandani vinavyodhani.

Rezista ina kasoro moja: ni omu 8 siku zote. Spika haiko hivyo. Ile inayoitwa ya omu 8 hupanda mara kadhaa kwenye besi, karibu na mahali koni yake inapopenda kutikisika, yaani kati ya hezi 70 na 110. Inashuka katikati, kisha inapanda tena kadiri sauti zinavyokuwa nyembamba, kwa sababu ya koili yake. Amplifaya ya valvu hufuata mapandio hayo na kusukuma zaidi pale ukinzani ulipo mkubwa. Ukiweka rezista tupu mbele yake, kishindo cha chini na ung'avu wa juu vinafifia pamoja, na sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Kwa punguzo la desibeli 6 hasara hiyo ni ndogo. Kwa 20 inakera. Dawa yake ni atenueta zenye koili na kapasita ndani, zinazoiga mapandio ya spika halisi. Ni nzito na ni ghali. Kama bajeti yako inaruhusu moja tu kati ya amplifaya kubwa na atenueta ya aina hii, ningeiacha amplifaya kubwa dukani.

Tom Scholz, mhandisi wa MIT aliyeanzisha bendi ya Boston, aliuza kifaa cha namna hii kwa jina la Power Soak mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wapiga gitaa wamelalamika kwamba sauti inayotoka si ileile. Wana haki, ila mara nyingi wanakilaumu kisanduku kwa kosa la masikio yao. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipungua, sikio la binadamu hupoteza besi haraka kuliko sauti za katikati. Koni ya spika nayo, isiposukumwa, haijipindi wala kuongeza ukali wake. Hakuna atenueta inayoweza kurudisha mambo hayo mawili. Ongeza besi kidogo na uendelee na maisha.

Usalama hauna mjadala. Usiwashe amplifaya ya valvu ukapiga bila spika au mzigo mwingine kuunganishwa. Transfoma ikikosa pa kupeleka nguvu, volti zake huruka juu kiasi cha kutoboa insulesheni au kupiga cheche kwenye soketi ya valvu. Linganisha omu za amplifaya, atenueta na spika. Tumia waya mnene wa spika pande zote mbili, usitumie ule mwembamba wa gitaa, ambao unaweza kuyeyuka. Na usimwache mtoto wa jirani afungue boksi eti ni kama redio: ndani mnaweza kuwa na volti 400 na zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kuna njia ya pili ambayo Eddie Van Halen aliisifu, ya kuishusha volti inayoingia kwenye amplifaya, kwa umeme wa Kimarekani, mpaka karibu 90 kwa transfoma ya kurekebisha. Wengi wetu tunapewa huduma hiyo bure, bila kuiomba, saa moja jioni mji mzima unapowasha taa. Sishauri. Volti ya ukutani ikishuka kutoka 230 hadi 190, nyuzi za kupasha moto valvu nazo zinashuka kutoka 6.3 hadi 5.2, chini ya kiwango ambacho zimeundiwa, na katodi huchakaa. Stabilaiza ya bei nafuu inaondoa tatizo hilo.

Kwa kwaya yenye ukumbi na mixa, ningechukua amplifaya ya wati 5, atenueta ya rezista ya desibeli 6 hadi 10, na maikrofoni moja sentimita chache mbele ya koni. Ukumbi utasikia kile ambacho fundi wa mixa ataamua, si kile ambacho gitaa linataka. Anayefanya mazoezi nyumbani usiku, bila haja ya spika halisi kifuani, atafaidika zaidi na pedali ya kidijitali na hedifoni. Najua wapenzi wa valvu hawatanisamehe kwa kauli hii.

Atenueta pia haiokoi valvu. Spika inanong'ona, lakini EL84 zinafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, zinachoka haraka kuliko kama ungepiga kwa upole. Mpya hutoka hasa katika viwanda vichache vya Urusi, China, na Slovakia (kampuni ya JJ ya mji wa Čadca), na bei zilipanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Mjini Kamembe, hapa Rusizi, hutazipata dukani, na kuagiza huchukua muda. Agiza mpya, jozi iliyolinganishwa kama amplifaya yako inatumia mbili, pale zilizopo zinapoanza kutoa besi iliyolegea, usingoje zizimike katikati ya ibada.