Fahamu: Kufuatilia hali ya moyo unapoishi na sonona

Mwenye sonona akiulizwa wiki yake ilikuwaje, mara nyingi hujibu kwa hali ya leo. Siku moja mbaya hufunika nzuri zote. Ili kuipima hali hiyo, wahudumu wa afya hutumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, yakiwemo ya usingizi, hamu ya kula, uchovu na kujilaumu. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mhudumu huchunguza zaidi.

Dodoso hilo wanalijua West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Lilikuwa miongoni mwa vipimo vya utafiti uliochapishwa 2020, uliofanyika huko katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini. Waliohudhuria vikao vitano vya kujisaidia vya Shirika la Afya Duniani, vilivyorekodiwa kwa sauti, walipata nafuu zaidi kuliko wenzao wasiohudhuria.

Ili siku nzuri zisisahaulike kabla ya kumwona mhudumu, kwa mkazi wa Dadamu, karibu na Arua, daftari la shule latosha. Kila jioni andika alama moja ya hali ya moyo wako siku hiyo, na kando yake maneno machache: "sikulala", "nimegombana na shemeji", "nimepalilia mihogo". Naamini maneno hayo yana thamani kuliko alama yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayomwonyesha mhudumu kinachokuangusha na kinachokuinua. Wapo ambao kujipima kila siku huwazidishia mawazo. Hao waandike mara moja kwa wiki.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo hata alama 1 haisubiri jioni nyingine: mwambie mtu wa karibu, mwende pamoja Hospitali ya Rufaa ya Arua, yenye kitengo cha afya ya akili.