Je, Wajua? Plagi Sahihi Si Lazima Iwe ya Bei Kubwa

Dukani utaulizwa maswali mawili: gari gani, na unataka plagi ya kawaida au ya iridiamu? Maswali hayo hayatoshi. Plagi huchaguliwa kwa urefu wake, kiwango chake cha joto, mwanya wake na kazi ya injini. Aliyeunda injini yako alishafanya uchaguzi huo kabla gari halijatoka kiwandani. Mwenye gari anatakiwa kuujua uchaguzi huo na kuusimamia, na haya yafuatayo yatamsaidia.

CHECHE NA KAZI YAKE

Je, wajua kwamba…

• Betri ya gari hutoa volti 12, lakini cheche ya plagi huweza kuhitaji volti 20,000 na zaidi? Koili ndiyo inayozipandisha. Mwanya wa plagi ukipanuka kwa kuchakaa, koili hulazimika kusukuma volti nyingi zaidi. Ndiyo maana plagi zilizopitisha muda wake huweza kuua koili, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya plagi.

• Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili? Safari ya saa 6 kwa mizunguko 2,500 kwa dakika humaanisha kila plagi imewasha moto mara 450,000. Plagi inayokosa moto mara moja tu katika kila mara mia itakuwa imekosa mara 4,500 kabla hujafika.

• Injini ya dizeli haina plagi za cheche kabisa? Hewa yake hugandamizwa hadi ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Zile plagi za dizeli unazozisikia gereji ni za kupasha joto wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Haziwezi kubadilishana na za petroli.

• Plagi yenye miguu minne haitoi cheche nne kwa mpigo? Cheche ni moja kila mara, nayo huruka kwenye mguu ulio rahisi kufikika wakati huo. Faida ya miguu mingi ni kuchelewa kuchakaa, kwa kuwa kazi inagawanywa.

• Kila cheche hurusha mawimbi ya redio? Kwa sababu hiyo plagi nyingi za leo zina rezista ya takriban omu 5,000 ndani ya kauri. Ukifunga plagi isiyo na rezista kwenye gari lililoundwa kwa yenye rezista, redio inaweza kuanza kukoroma, na kompyuta ya injini inaweza kupata taarifa zilizovurugika.

• Ile mikunjo kwenye kauri nyeupe haikuwekwa kwa urembo? Huurefusha uso wa kauri ili umeme usipate njia ya mkato kutoka juu ya plagi hadi kwenye mwili wake wa chuma.

WALIOITENGENEZA

• Mwaka 1860 Étienne Lenoir alitumia plagi ya umeme kwenye injini yake ya gesi, miaka mingi kabla magari hayajaenea. Mwaka 1898 watu watatu walikuwa na hataza za uwashaji wa cheche: Nikola Tesla, Frederick Simms na Robert Bosch. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch, akatoa mfumo wa volti kubwa uliofaa kuuzwa kwa wingi.

• Albert Champion, ambaye jina lake limo kwenye plagi za Champion, alikuwa mwendesha baiskeli. Mfaransa huyo alishinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 1899, kisha akahamia Marekani na kuingia biashara ya plagi. Plagi za AC nazo zimebeba herufi za mwanzo za jina lake.

• Kampuni ya NGK Spark Plug ya Nagoya, Japani, ilianzishwa mwaka 1936. Mwaka 2023 kampuni ilibadili jina na kuitwa Niterra, lakini plagi zake zinaendelea kuuzwa kwa jina la NGK.

JOTO: HAPA NDIPO WENGI HUKOSEA

• Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi katika joto la takriban nyuzi 450 hadi 850 za Selsiasi. Chini ya hapo, masizi hayaungui na hujikusanya. Juu ya hapo, ncha yenyewe huwa kaa la moto na kuwasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka.

• "Plagi baridi" na "plagi moto" hazitofautiani kwa ukubwa wa cheche. Tofauti ni mwendo wa joto. Ukizilaza mbili mezani na kuchungulia ndani ya mdomo wake, utaona kauri ya plagi moto imezama ndefu na nyembamba, hivyo joto hukawia kutoka. Ya plagi baridi ni fupi, na joto huikimbilia haraka silinda hedi.

• Namba ya joto husomwa kinyume kati ya kampuni na kampuni. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni plagi moto zaidi. Anayebadilisha aina kwa kulinganisha namba kwa macho anaweza kufunga kinyume cha alichokusudia.

• Hata NGK na Denso, zinazosoma upande mmoja, hazitumii hesabu moja. 5 ya NGK ni sawa na 16 ya Denso, 6 ni sawa na 20, na 7 ni sawa na 22.

TUISOME NAMBA PAMOJA

• Chukua BKR5EYA-11, moja ya plagi za NGK zinazofaa injini ya Toyota 1NZ-FE, ile iliyo kwenye IST, Raum na Probox nyingi za barabara zetu. B na K zinasema hesi ni ya milimita 14 na kichwa chake hushikwa na soketi ya 16. R ni rezista. 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa hesi, milimita 19. Y ni mfereji mdogo uliochongwa kwenye ncha ya kati, na A ni alama ya umbo maalumu. 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa Denso, mwenzake ni K16R-U11.

• Herufi moja inaweza kuvunja injini. Kwa NGK, E ni milimita 19 na H ni milimita 12.7. Plagi ndefu kupita kiasi huingia ndani ya silinda na inaweza kugongwa na pistoni. Fupi kupita kiasi huficha cheche ndani ya tundu, na hesi inayobaki wazi hujaa masizi yatakayomsumbua fundi atakayefunga plagi sahihi baadaye.

• Honda Fit za kizazi cha kwanza zenye injini ya 1.3 i-DSI zina silinda nne lakini plagi nane: nne mbele na nne nyuma. Ukinunua nne, umebadili nusu.

• Ndege ndogo kama Cessna 206, zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani, zina plagi mbili kwa kila silinda na mifumo miwili ya kuwasha inayojitegemea. Mmoja ukifa angani, mwingine unaendelea.

NIKELI, PLATINAMU, IRIDIAMU

• Plagi inayoitwa "ya kopa" haina ncha ya shaba. Shaba imo ndani kama kiini cha kupitisha joto, na ncha ni ya nikeli. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 na isingedumu pale kwenye moto.

• Nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455, platinamu 1,768, iridiamu takriban 2,446. Kwa kustahimili moto kiasi hicho, ncha ya iridiamu inaweza kuchongwa nyembamba sana. Denso wanayo ya milimita 0.4. Ncha nyembamba huhitaji volti chache kutoa cheche.

• Iridiamu iligunduliwa London mwaka 1803 na Smithson Tennant. Mzalishaji wake mkubwa duniani ni Afrika Kusini, ambako huchimbwa pamoja na platinamu.

• Si kila plagi ya iridiamu hufika kilomita 100,000. Zinazofika huko zina madini magumu pande zote mbili, kwenye ncha ya kati na kwenye mguu wa pembeni. Yenye iridiamu katikati na nikeli pembeni huchakaa upande wa pembeni mapema. Uliza pande zote mbili kabla hujalipa bei ya umri mrefu.

• Gari lililoundwa kwa plagi ya nikeli halipati nguvu mpya ya kushangaza kwa kufungiwa iridiamu. Linapata muda mrefu zaidi kabla ya kubadilisha. Lililoundwa kwa iridiamu likifungiwa nikeli litawaka na kutembea, ila utalazimika kulifungua mapema zaidi.

PLAGI INASEMA

• Ukiifungua plagi na kukuta kauri ya ndani ina rangi ya kahawia isiyokolea au kijivu, injini inachoma vizuri. Usibadili kiwango cha joto.

• Masizi meusi makavu yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa, au safari ni fupi mno injini isipate moto, au filta ya hewa imeziba. Weusi wenye majimaji ya oili unasema oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya haitaponya lolote kati ya hayo.

• Weupe wenye malengelenge ni dalili ya joto kali: mafuta machache, plagi moto kupita kiasi, au injini inayogonga kwa petroli yenye okteni ndogo. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hushusha okteni. Tanzania imekuwa ikiweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta tangu 2010 ili kuunasa mchezo huo.

• Oili ikikutwa juu ya plagi, ndani ya shimo lake, tatizo haliko kwenye silinda. Mara nyingi ni gasketi ya kava ya juu au sili za mashimo ya plagi, matengenezo madogo ukilinganisha na ringi. Mwenye kuijua tofauti hii hafunguliwi injini bure.

• Pete ya rangi ya kahawia nje ya kauri, pale inapokutana na chuma, si alama ya moshi unaovuja. Volti kubwa huvuta chembe za oili zilizo hewani na kuzigandisha pale. Plagi ni nzima.

• Petroli yenye risasi ilikuwa ikizichafua plagi na kuzikosesha moto. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwishoni mwa 2005, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Waliopona zaidi na sumu hiyo ni watoto wetu. Plagi zilinufaika pia.

• Gari linalomisi, yaani linalokosa moto, likiendeshwa hivyo hivyo hupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi. Petroli hiyo huwakia ndani ya masega ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, na kuyayeyusha. Taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo na utafute fundi siku hiyo hiyo.

GESI INA MASHARTI YAKE

• Gesi asilia, inayotumiwa na bajaji na magari mengi ya Dar es Salaam, ni ngumu kuwasha kuliko petroli na hutaka volti nyingi zaidi. Plagi huchakaa mapema, na mara nyingi mwanya hutakiwa kupunguzwa. Gari likimisi kwenye gesi na kutulia kwenye petroli, kagua plagi na koili kabla hujalaumu mtungi.

MIKONONI MWA FUNDI

• Plagi hufunguliwa injini ikiwa imepoa. Hesi za silinda hedi ya alumini ni laini zikiwa na moto, na zikiharibika gharama yake si ndogo. Kabla ya kufungua, puliza vumbi kwa kompresa. Punje ya mchanga ikidondokea shimoni inaingia kwenye silinda.

• Mizunguko ya kwanza ya kufunga ni ya vidole, si ya spana. Chomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi, ishushe, zungusha taratibu. Ikiwa imekaa mshazari, mpira utateleza mkononi mwako kabla hesi haijaumia. Spana ingelazimisha.

• Plagi mpya yenye pete laini ya chuma, ikishagusa chini, huongezewa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Yenye kitako cha mteremko bila pete huongezewa moja ya kumi na sita tu.

• Grisi au dawa ya kuzuia kutu kwenye hesi, ambayo wengi huipaka kwa nia njema, huirahisishia plagi kukazwa kupita kiasi. NGK wenyewe wanashauri isipakwe, kwani hesi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kushikana.

• Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri, na umeme hupita humo badala ya kuruka mwanya. Ncha ya iridiamu haistahimili brashi, msasa wala kupimiwa mwanya kwa nguvu.

SOKONI

• Plagi bandia zipo, na za iridiamu ndizo zinazolengwa kwa sababu ya bei. Iwe Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka, ifungue boksi hapo hapo dukani. Maandishi yasiwe na ukungu. Mguu wa pembeni usimame sawasawa juu ya ncha ya kati. Hesi ziwe laini kwa kidole. Pete ya chuma isitoke kwa kuvutwa kirahisi.

• Plagi iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji haifai kufungwa, hata kama kwa macho ni nzima. Kauri inaweza kupasuka kwa ndani. Mwombe muuzaji akupe nyingine, na akikataa, nenda duka la jirani.

• Namba sahihi ya plagi imo kwenye kitabu cha gari. Kama gari lilikuja bila kitabu, au kitabu ni cha Kijapani, namba ya injini itatosha kuitafuta kwenye orodha za Denso na NGK. Ile uliyoikuta kwenye injini usiiamini peke yake, maana huenda aliyeiweka alibahatisha. Ukishaipata, iandike kwenye simu yako pamoja na kilomita za siku ya kubadilisha. Ukienda dukani itaje namba hiyo, na ukipewa nyingine, dai maelezo.