Friji Inayobaki Kambini

Mgeni akipita Jumanne katika kambi za karavani kando ya Ziwa Huron, Ontario, atakuta viti vimekunjwa, mapazia yameshushwa, watu hawapo, lakini friji zinafanya kazi. Hukumu huja upesi: ubadhirifu! Wenyewe wako kazini Toronto au Kitchener, na huku umeme unaliwa kupoza chupa ya haradali na bia sita. Hata ndugu zao wa mjini husema hivyo, nao wanakambi hukereka.

Hawa wa msimu si watalii. Hukodi kiwanja kimoja kuanzia Mei, karibu na sikukuu ya Victoria, hadi Sikukuu ya Shukrani ya Kanada, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Karavani haisogezwi, hujengewa baraza la mbao, hupandiwa maua, na jirani wa mwaka huu mara nyingi ndiye yule wa mwaka jana. Wengi huja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Moto wa kuni, Krismasi ya Julai na vigari vya gofu vilivyopambwa taa vimesimuliwa vya kutosha. Friji ndiyo inayosingiziwa.

Friji ya karavani ya aina ya zamani haina mota. Asili yake ni mtambo uliobuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni, na kinachoviendesha ni joto: mwali mdogo wa gesi au hita ya umeme. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu binamu yake, friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo katika zahanati zisizo na umeme. Aliyewahi kuishi nayo anajua kwamba haina haraka. Ukiiwasha saa mbili usiku, baridi ya kutegemewa huja kesho yake. Familia iliyofika Ijumaa usiku na kapu la nyama haiwezi kungoja hivyo. Na ukiizima ukafunga mlango katika joto la Julai, utafungua ukaribishwe na ukungu na harufu isiyotoka kwa sabuni.

Ndiyo maana haizimwi.

Friji hiyo ina masharti yake. Wazee wa kambi huweka pimamaji ndani ya sehemu ya barafu, wala si sakafuni, kwa kuwa friji yenyewe ndiyo inayotakiwa kukaa sawa. Kimiminika chake hurudi chini kwa uzito wake tu; karavani ikiinama, hutuama mahali pamoja, huchomeka, na mabomba huziba. Wapo mafundi wa zamani walioing'oa friji iliyokufa hivyo, wakaipindua kichwa chini usiku kucha, kisha wakairudisha. Nyingine zilifufuka. Vijana huisikia habari hiyo wakacheka, bila kujua kwamba bomba lililoziba huweza kweli kufunguka kwa kupinduliwa.

Lakini utamu wa desturi hii uko Jumapili alasiri. Mlango wa friji hufunguliwa na kila kitu huhukumiwa. Nyama mbichi, maziwa na saladi yenye mayonesi hurudi mjini ndani ya sanduku la barafu. Achari, haradali, sosi ya nyanya na bia hubaki. Viazi vilivyopikwa vikazidi hupelekwa kwa jirani mstaafu ambaye haondoki hadi Oktoba, naye hajifanyi kukataa. Kisha hutolewa kikombe cha maji yaliyoganda, sarafu ya senti 25 ikalazwa juu ya barafu, kikarudishwa mahali pake. Ijumaa sarafu ikikutwa juu, salama. Ikikutwa imeganda chini kabisa, basi umeme ulikatika, barafu ikayeyuka, ikaganda tena, na chakula kilichobaki hakiaminiki hata kama sasa ni baridi. Kanuni ya afya ya Kanada ni kwamba kinachoharibika upesi kikikaa juu ya nyuzi 4 za Selsiasi zaidi ya saa mbili, kitupwe.

Mwisho hukabidhiwa ufunguo. Yule jirani aliyepewa viazi ndiye atakayechungulia Jumatano, kuona kama taa ya friji ni ya kijani.

Kuhusu gesi, kambi nzima haijapatana. Friji nyingi zikiachwa kujiendesha, umeme ukikatika hujihamishia kwenye gesi zenyewe. Wengine huiacha mitungi wazi kwa sababu hiyo, maana radi za Julai hazina adabu. Wengine huifunga, wakihofia moto katika karavani isiyo na mtu. Hawa wa pili wana hoja nzito: buibui hupenda kutanda ndani ya kichomeo, na mwali ulioharibika hauna mtu wa kuuona.

Karavani mpya huja na friji zenye kompresa ya volti 12. Hizo hupoa upesi, hazidai pimamaji, na zinakula umeme kidogo. Hapo hakuna wa kulalamika. Kinachouma ni kile kipimajoto kinachotuma habari kwenye simu, kwa kuwa kimeingia mahali pa jirani. Mwenye nacho haoni tena sababu ya kuacha ufunguo, na viazi vyake hurudi navyo mjini. Jumatano mchana, akiwa kazini, simu humwambia kwamba ndani ya friji kumefika nyuzi 12. Haimwambii kama ni swichi kuu iliyojikata au ni mtoto wa watu aliyechomoa waya. Atapiga simu ofisi ya kambi, nayo itamtuma kijana wa kukata nyasi, ambaye ataikuta karavani imefungwa.